Viti vya Kuazima

Alhamisi, 28 Agosti

Leo nimempa wakili faili isiyo yake. Bw. Ndegwa amesimama mbele ya hakimu, amefungua, na ndani kuna kesi ya shamba la watu wengine kabisa. Ameomba radhi. Nilikuwa nyuma, kwenye benchi la makarani. Niliona masikio yake yakibadilika rangi.

Tuliporudi ofisini hakupiga kelele. Angepiga ningejua pa kuangalia. Ameuliza tu, polepole: nani alipanga faili za leo? Kabla sijajibu, Madam Nabalayo akasema kutoka mezani kwake, "Ni mimi, wakili. Nilichanganya."

Madam! Ambaye hajawahi kuchanganya kitu tangu niajiriwe.

Jioni alipopita kuchukua funguo aliinama karibu na shingo yangu, akavuta pumzi. Nilikuwa nimetafuna mint pakiti nzima.

Naandika haya kabla. Chupa iko nyuma ya debe la unga. Sijaigusa bado. Sijui kwa nini nimeandika "bado".

Ijumaa, 29 Agosti

Madam ameniita kwenye kale kajikoni ka ofisi, akafunga mlango, akawasha birika ili wengine wasisikie.

"Jepkemei, mimi si mtoto. Nimekufunika mara moja. Sina ya pili."

Nikasema ni dawa ya kikohozi. Akaniangalia mpaka nikanyamaza. Kisha akanieleza kuhusu Travis, kaka yake mdogo. Alikuwa akilala nje ya nyumba yake mwenyewe kwa sababu hakuweza kupata tundu la kufuli. Sasa anapeleka watoto shule asubuhi, amenyoa, ameamka. Kuna watu waliomsaidia. Wanakutana nyuma ya kanisa moja huko mtaa wa Section 58, kila Jumanne saa kumi na moja na nusu. Hakuna bango mlangoni, maana wengi hawataki kujulikana.

"Utaona watu wamekaa kwa mduara na chai. Ingia tu. Ni jina moja unasema, basi."

Nikauliza, lazima liwe jina lenyewe?

Akacheka. "Toa lolote unataka, bora ufike. Ukinidanganya, namwambia wakili kila kitu."

Lakini mimi si mlevi. Au ni mlevi? Mlevi ni yule mtu wa stage anayetukana magari. Mimi naenda kazini nimepiga pasi. Mimi hunywa nikiwa nimekaa, peke yangu, mlango umefungwa. Hiyo si tofauti? Nimefikiria sana na sijapata jibu. Kama si mlevi, mbona niko na mint kila mfuko?

Jumanne, 2 Septemba

Sijui nianze wapi.

Nilifika mapema, nikazunguka kanisa kama mwizi. Nyuma kuna korido na vyumba viwili vinavyotazamana. Hakuna bango popote. Mlango wa kulia ulikuwa wazi — watu kwa mduara, thamosi ya chai, mandazi kwenye beseni. Nikaingia.

Mama mmoja aliyefunga kitambaa cha kanisa akanishika mikono yote miwili. "Karibu, karibu! Kaa hapa. Unaitwa nani?"

Natalie, nikasema. Nilikuwa nimelichagua njiani.

"Umefanya vizuri kuja, Natalie." Macho yangu yakajaa maji. Wakaomba, sala ndefu, ya watu walioanza jambo gumu. Nikafikiria: sasa wataanza kusimulia. Sasa itakuwa zamu yangu.

Mzee wa kofia akasafisha koo. Akauliza tumefika wapi na mambo ya mahema.

Mahema?

Ilinichukua muda. Ni kamati ya harusi! Yaani si hata harusi yenyewe, ni ruracio kwanza, siku ya mahari, Jumamosi ya tarehe ishirini na saba, hapo Kiamunyi ninakokaa. Msichana ni Wachuka, kijana ni Kiplimo. Wenyewe wako Nairobi kazini, hawahudhurii. Wazazi wamekubaliana kupanga pamoja, Wakikuyu upande huu wa mduara, Wakalenjin upande ule. Na mimi nimekaa katikati, chai mkononi, nimeshaambiwa nimefanya vizuri kuja.

Mbona sikusimama? Nilitaka. Lakini yule mama — ni Mama Rahab, mama yake Wachuka — aliona biro kwenye mfuko wa blauzi yangu. "Huyu ametoka ofisi. Natalie, tuandikie." Na nikaandika! Mkono ulikubali kabla yangu.

Nimeelewa baadaye. Upande wa Mama Rahab wanafikiri nimeletwa na upande wa kijana, kwa uso wangu. Upande wa kijana wanafikiri mimi ni wa Wachuka, kwa vile Mama Rahab alivyonipokea. Hakuna anayeweza kuuliza, maana kumuuliza mgeni wa wakwe zako "wewe ni wa nani" ni matusi. Kila mtu ananiongezea andazi.

Shangazi yake Kiplimo, Auntie Jemutai, akamnong'onezea jirani yake kwa Kikalenjin kwamba haka kasichana ka Kikuyu ni kembamba lakini mwandiko wake ni mzuri. Nikameza chai nisicheke. Lugha ya mama yangu mwenyewe!

Mwishoni wakapiga makofi. Mimi ni katibu.

Jumatano, 3 Septemba

Madam: "Ulienda?"

"Nilienda."

"Ulikaa mpaka mwisho?"

"Mpaka sala."

Akanishika bega, akageuka haraka kutafuta kitu kwenye droo ambacho hakikuwepo. Alikuwa analia kidogo. Hakuna hata neno moja nililosema ambalo ni uongo. Basi mbona nahisi hivi?

Jana sikunywa. Nilirudi nikaandika minutes vizuri, nikalala. Pengine ndiyo dawa? Pengine mtu anahitaji tu mahali pa kukaa Jumanne?

Jumamosi, 6 Septemba

Nimekunywa. Si kidogo.

Mama amepiga kutoka Ravine, simu imelia na kulia. Sikushika. Angesikia sauti.

Jumanne, 9 Septemba

Niliamua: leo naingia mlango wa kushoto, ule Madam alionituma. Niliamua tangu asubuhi, nikaamua tena nikivuka barabara. Nikafika koridoni, Mama Rahab akatoka kama alikuwa akinisubiri. "Katibu! Tumejaa leo, hata viti hakuna." Akanivuta ndani kwa mkono.

Kweli walijaa. Wajomba, mashemeji, watu wa kwaya. Viti ni vya kanisa, vile vyeupe vya plastiki, na vyumba viwili vinagawana. Mzee Hiram — yule wa kofia, mjomba wake Wachuka, mkulima wa viazi huko Mau Narok — akasema niende kwa hao wengine niombe vichache.

"Kwani hao ni akina nani?" akauliza Auntie Jemutai.

"Ni walevi," Hiram akasema. "Wanafunzwa kuacha. Hawa hata hawahitaji viti, wamezoea mtaro."

Chumba kizima kikacheka. Nikacheka pia. Nimeandika hapa ili nisijidanganye kesho: nilicheka, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko ya wengine.

Nikabisha mlango wa kushoto. Akafungua mwanaume wa makamo, sweta ya kijani, viwiko vimechakaa. Nikasema tunaomba viti. Akaita nyuma, "Jamani, tubanane kidogo!" Wakasimama bila kununa. Akanipa vitatu na cha nne kilikuwa chake mwenyewe. Nilijua kwa sababu mwanamke mmoja alimwambia, "Na wewe Bethwel utakaa wapi?" Akasema magoti yake bado ni ya kijana.

Nilidhani humo ndani wanalia. Wanacheka! Kuna mama alikuwa akisimulia jinsi alivyoficha chupa ndani ya debe la unga, mama mkwe akaja kutembea, akasema leo nitapika mimi. Walikuwa wanacheka mpaka wanapangusa macho. Na mimi nimesimama hapo na viti vinne, naona debe langu.

Bethwel hakuuliza kitu. Alisema, "Mkimaliza mturudishie. Au mkikosa nafasi huko, hapa bado kuna sakafu."

Ni utani tu. Anamwambia kila mtu hivyo, nafikiri. Au aliona?

Jumatano, 10 Septemba

Ni hatua mbili za korido! Mbona siwezi?

Nikiingia kule, hawa wa huku wataniona nikitoka. Watasema: kumbe katibu ni mmoja wao. Halafu watauliza: na ni wa nani? Na hapo watagundua sina mwenyewe. Nitakuwa mlevi na mwongo kwa jioni moja.

Nikiacha kwenda kabisa, Madam atajua. Nikiendelea kwenda, Madam atafurahi na mimi nitaendelea kunywa Jumamosi. Nimepanga hizi sababu vizuri kama za korti na bado sielewi kesi ni ya nani.

Jumanne, 16 Septemba

Eh. Eh!

Niandike kwa utaratibu.

Leo ilikuwa vinywaji. Soda ilipita haraka. Kisha Mzee Hiram akaweka kofia kwenye goti. Akasema bila muratina, pombe ya wazee wa Kikuyu, hakuna mazungumzo, wazee watakaa tu wakiangaliana kama kuku wa mvua.

Auntie Jemutai akasema wao wanakuja na mursik, kibuyu kizima, maziwa lala safi.

"Maziwa nilimaliza kwa mama yangu!" akasema Hiram.

"Na nyinyi kutoa msichana lazima mlewe kwanza? Mkiwa macho makavu mnaogopa nini?"

"Tunaogopa kuwaona nyinyi vizuri."

Walicheka mpaka mchungaji msaidizi akachungulia dirishani. Wakakubaliana: vyote viwili. Hiram anaye mzee jirani yake anayeipika kwa asali, si ile ya kuua watu. Ataileta Jumanne ijayo kwa pickup, maana akirudi Mau Narok hatashuka tena mpaka siku yenyewe, ana viazi vya kuvuna. Sasa ikae wapi tangu Jumanne mpaka Jumamosi?

Kila mtu akachukua andazi.

Mama Rahab akasema kwake haiingii kabla ya siku. Ameokoka, na watu wa fellowship wanakuja kwake Alhamisi. Watu wa kwaya wakaangalia viatu. Upande wa Kiplimo wakasema hata hawajui inakaaje, wataimwaga bure. Kila mtu anaitaka iwe pale na hakuna anayetaka kuonekana nayo.

Kisha Mama Rahab akanigeukia, uso umefurahi kama mtu aliyepata funguo. "Si Natalie anakaa Kiamunyi? Peke yake, na ni karibu na nyumbani. Na huyu hanywi."

Hiram akauliza amejuaje.

"Mtu kama huyu unaona tu. Angalia macho yake vile ni safi."

Wakaniangalia macho. Wote! Nikayafungua. Sijui kwa nini niliyafungua.

Hiram akanieleza utunzaji wake, kwa upole, kama anayeniachia mtoto. Niweke karibu na jiko, mahali pa joto. Kila asubuhi nilegeze kifuniko ipumue, la sivyo jerikeni itapasuka. "Unalegeza, unanusa. Ikinuka asali, iko sawa. Ikinuka siki, nipigie."

Nilisema nini? Nilisema sawa, mzee. Nikaandika: Katibu atahifadhi kinywaji cha wazee. Nikapiga mstari chini yake.

Jerikeni ya lita ishirini. Ndani ya nyumba ya chumba kimoja. Ninuse kila asubuhi.

Alhamisi, 18 Septemba

Nilitaka kumwambia Madam. Nilimfuata mpaka kajikoni. Alikuwa anakata parachichi lake la saa saba, akanipa nusu.

"Huko wanaongea nini?" akauliza. Halafu kabla nijibu akainua kisu. "Hapana, usiniambie. Travis pia hakuwahi kuniambia. Ni ya huko."

Nikasema ndiyo, ni ya huko.

"Naona mikono yako imetulia."

Nilikuwa nimeiweka chini ya meza. Jana usiku nilikunywa kile kilichobaki, nikajiambia ni ili nyumba iwe tupu kabla ya jerikeni kufika. Kama mtu anayefagia kwa ajili ya mgeni! Niliona ni jambo la akili kabisa. Asubuhi nimekumbuka na nimeshindwa kumaliza chai.

Jumapili, 21 Septemba

Nimepiga simu Ravine. Mama alikuwa anarudisha ndama. Akauliza mbona sipatikani Jumamosi. Nikasema kazi. Akasema, "Kazi ya Jumamosi inakufanya uongee hivyo?"

Amejua. Tangu lini? Aliniambia bei ya — hapana, hakuniambia bei ya kitu, nikamsikia ndama akilia, kisha akasema, "Kemei, kula vizuri," akakata.

Nimezoea kuitwa Natalie kila Jumanne. Kusikia lile jina fupi kulinishtua.

Naweza kumpigia Hiram niseme nimesafiri. Naweza kusema mwenye nyumba hataki. Nimeandika ujumbe mara nyingi na kufuta. Kila uongo uko tayari, umenyooka, na nikiutuma nitakuwa salama mpaka Jumanne nyingine. Lakini kuna kitu kinaitaka ile jerikeni ije. Hicho ndicho sikukiandika Jumanne. Nilipopiga ule mstari mkono wangu haukutetemeka. Nilifurahi.

Jumanne, 23 Septemba

Koridoni. Naandika kwa magoti, ndiyo maana mwandiko ni huu.

Mkutano haujaanza. Mama Rahab anamsubiri mtu wa keki. Nimesema natoka kupata hewa. Nimechukua kiti, nimekiweka hapa katikati ya milango miwili, nimekaa.

Pickup ya Hiram iko pale nje, naiona kutoka hapa. Jerikeni ya manjano iko kiti cha mbele. Ameifunga mshipi! Kama abiria. Aliponiona alipiga honi. "Katibu! Mgeni wako nimemleta salama. Tukimaliza nawapeleka nyote wawili mpaka mlangoni."

Nikasema asante. Nilikwenda hata kuigusa kwa dirisha. Ina joto kidogo. Kifuniko kinatoa sauti ndogo, kinapumua kweli.

Sijanywa tangu jana asubuhi. Jasho. Kichwa kinagonga. Leo nimewekwa mbali na faili za korti, Madam amezipanga mwenyewe bila kusema.

Kulia: wanabishana kama mahema yawe meupe au yawe na bluu. Auntie Jemutai anasema bluu ni ya siasa. Mtu anauliza, Natalie ako wapi?

Kushoto: kimya kwanza. Sasa mtu anasema jina lake. Moja tu. Wengine wanalirudia, wanamsalimia nalo. Mwingine. Wanazunguka hivyo.

Nikiingia kulia, jioni nitakuwa na jerikeni. Najua kitakachofuata na sitajifanya sijui. Jumamosi wazee watafungua na itakuwa imepungua, au itakuwa maji. Watu wa pande mbili wataangaliana, kila mmoja akifikiri ni mwizi wa mwenzake. Yaani nitaharibu hata harusi ya watu nisiowajua! Na Hiram, ambaye ameifunga mshipi.

Nikiingia kushoto — sijui. Hapo ndipo akili yangu inaishia. Sijui watu wakishasema jina wanafanya nini.

Na Hiram nimwambie nini? Huwezi kumwacha mzee na jerikeni. Ningemwambia ukweli, angesema nini, yeye wa ule utani wa mtaro?

Mlango wa kushoto umefunguka. Ni Bethwel, ile sweta. Anaangalia koridoni, kulia na kushoto. Sijainua kichwa, naandika tu.

Anasema, "Dada, samahani. Hicho kiti kina mwenyewe? Tumepungukiwa na kimoja."

Nimesema ni cha kanisa.

Anasema anajua. Anauliza kama akichukue.

Natalie! wanaita kulia. Natalie, tunaanza! Mama Rahab ametoa kichwa mlangoni, anatuona, mimi na Bethwel na kiti. Anasema, "Wape tu hicho, mama, njoo, hapa kuna kingine." Na Hiram nyuma yake anauliza kama katibu amepotea.

Bethwel hajaondoka. Hasomi ninachoandika, anaangalia ukuta. Ameweka mkono kwenye mgongo wa kiti, kidogo tu, hajavuta.

Nimemwambia aache. Nimemwambia atangulie, nitakileta mwenyewe.

Mama Rahab anasema, "Natalie?"

Nimemwambia siitwi Natalie.